Saa ya Dhahabu Mkononi mwa Mtani

Mwaka 1970, nikiwa na miaka kumi, ndipo shida ilipoingia nyumbani kwetu Kidete ikakaa. Baba alikufa mahindi yakiwa machanga. Mama akarudi kwao milimani na mtoto wa mwisho mgongoni, mimi nikabaki mikononi mwa dada yangu, ambaye naye alikuwa msichana tu, ameolewa juzi. Nilikuwa darasa la tatu, shule ya misheni. Nikaacha. Sikumuaga mwalimu. Nilidandia behewa la mizigo mpaka Kilosa, nikaanza kubeba mizigo ya abiria pale stesheni: magunia ya mpunga, matenga ya kuku, masanduku ya mbao ya watumishi wa serikali waliohamishwa.

Nayasema haya ili mtu asije akadhani vitu nilivyonavyo niliachiwa. Sikuachiwa hata jembe.

Hapo stesheni ndipo nilipokutana na mtani wangu. Mimi Msagara, yeye Mnyamwezi, baba yake alikuja huku kukata mkonge. Alikuwa amenizidi miaka mitatu minne, na kifua. Siku ya kwanza alininyang'anya kiazi nilichokuwa nakila, akakimaliza mbele yangu taratibu, akasema, "Sisi watani. Kamuulize mkubwa wako." Niliporudi Kidete nikamuuliza dada. Akacheka mpaka akakaa chini. Akasema ni kweli, watu wale ni watani zetu tangu enzi za misafara, na mtani akikuchukulia kitu hukasiriki, unamchukulia chake. Kesho yake nikachukua kofia ya mtani wangu nikaivaa mpaka ikatoboka.

Tangu hapo hatukuwahi kusalimiana kama watu wengine. Nikimwona nasema, "Wewe Mnyamwezi, mzigo umeuweka wapi leo? Babu zako walipita kwetu wamebeba mali za wenyewe vichwani, wakatuomba maji." Naye anajibu, "Na maji yenyewe mlituuzia, Wasagara wachoyo." Miaka hamsini ndiyo salamu yetu. Yeye alipata kazi ya gangi ya reli, akastaafu nayo, akajenga ng'ambo ya mto Mkondoa, analima mahindi na nyanya. Mimi nikaenda Mikumi.

Mikumi nilifika ndevu za kwanza zikiota, juu ya lori la vitunguu. Barabara kuu ya kwenda Zambia ilikuwa imeshapita, na magari yalikuwa yanalala pale. Gari likilala, kuna tairi linaloamka limekaa chini. Nilianza na pampu ya mkono, kisu na gundi. Kuandika kwenyewe nilikujulia kwenye mpira: namba ya gari kwa chaki, jina la dereva, neno "tayari". Leo gereji ya matairi ni yangu na gesti iliyo nyuma yake ni yangu, na madereva ambao mama zao walikuwa hawajaolewa wakati ule wananiamkia kutwa. Shikamoo mzee, marahaba. Shikamoo mzee, marahaba. Mdomo wangu unaitikia wenyewe hata nikiwa nimeinama kwenye ringi.

Saa zilianza hivi. Msimamizi mmoja wa mkandarasi wa barabara, mtu wa ng'ambo, alikuwa amemaliza kazi anarudi kwao. Alihitaji matairi mawili siku ileile, na alichokuwa nacho mkononi ni saa. Ya dhahabu, nzito, uso mweusi, ya kujazwa kwa vidole, ina vitufe viwili ubavuni. Ukibonyeza kimoja, mshale mwembamba unaanza kukimbia; ukibonyeza tena, unasimama. Ni ya kupimia magari ya mashindano, alisema. Nikampa matairi. Wenzangu walinicheka kwamba nimetoa mpira nikapokea bangili. Niliwaacha wacheke, wamekufa maskini.

Miaka ikapita. Akaja mtalii mmoja mzee, tairi limempasukia akitoka mbugani. Nikiwa nimeinama akaniona mkono. Akauliza bei ya saa. Sikutaja. Akataja yeye. Sikujibu. Akaongeza. Mtu akiongeza bei kabla hujafungua mdomo, ujue umeshika kitu. Nikashusha mkono wa shati nikaendelea kulegeza nati.

Tangu siku hiyo sijatulia. Nimezifuata saa za namna hiyo, za zamani, za dhahabu, za michezo: za mbio, za kuzamia, za marubani. Nimezitoa kwa wajane wa mameneja wa mkonge, kwa daktari mstaafu wa Morogoro, kwa mtu wa Magole aliyekuwa anaificha yake ndani ya soksi na hajui ni nini. Nikiipata moja nafurahi siku mbili, ya tatu nimeanza kuulizia nyingine. Nimo kwenye kundi la simu la wapenda saa, wengi wao wa Dar, wasomi. Mimi nawatumia sauti kwa sababu kuandika kwenye kioo kunanichelewesha. Wao zao wanazilaza kwenye visanduku vya kitambaa laini. Mimi navaa. Na zote nimezitia majira yetu: asubuhi ya saa moja, mshale uko kwenye moja, hauko kwenye saba. Ile yenye tarehe inageuza tarehe jua linapozama, na ndivyo siku inavyoanza kwetu. Fundi saa mmoja aliniambia nazivaa kimakosa. Nikamuuliza, mimi naishi wapi?

Bei zake sikumwambia mtu nje ya kundi. Mke wangu alijua mzee anapenda saa, basi. Watoto hivyo hivyo. Mtu asiyejua bei hawezi kuiropoka.

Mwaka jana dada yangu akafa.

Tulimzika Kidete. Nilivaa ile ya kwanza, ya uso mweusi, ambayo kwenye kundi wananiambia nzima kama ile haijaonekana nchi hii. Msibani watu wanaangalia. Nilitaka waone kwamba mtoto aliyelelewa na marehemu hakuwa mtu bure. Mchungaji alimaliza sala, vijana wakashika makoleo, na mtani wangu akatokea na gunia kichwani kama mpagazi, akapanda juu ya ule udongo akaketi.

"Hapafukiwi," akasema. "Huyu mama nilimwomba maji maisha yangu yote akanipa ya moto. Leo nadai."

Watu wakaanza kucheka. Hata wanawake waliokuwa wanalia wakafunika midomo kwa kanga.

"Unadai nini, mbeba mizigo?" nikamwambia.

"Simdai yeye, kashafika. Namdai mdogo wake. Hebu muangalieni Msagara mkono. Anamzika dada yake huku anatazama saa kama anawahi basi. Aivue. Marehemu kaniagiza, anataka kujua huko aliko ugali unapakuliwa saa ngapi."

Makaburi yote yakacheka. Dada angekuwepo angecheka kuliko wote. Nikaivua. Ningefanya nini? Kumnyima mtani kaburini ni kumwacha maiti wako juu ya ardhi. Akaivaa, akaigeuza kwenye jua ili kila mtu aone, akashuka, na kaburi likafukiwa.

Asiyejua utani nimweleze. Kitu kilichochukuliwa namna ile si wizi na si zawadi. Unakikomboa, tena kwa kitu kidogo: kuku, kilo ya sukari, kreti ya soda. Ukienda kukidai kwa hasira umejiaibisha wewe na ukoo wako. Kwa hiyo matanga yalipokwisha nilichukua jogoo nikaenda Kilosa, nikijua narudi na saa yangu jioni.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka barazani, saa mkononi, anabonyeza kitufe. Mke wake alikuwa anapita na ndoo.

"Kutoka kisimani mpaka hapa umenenepa, mama," akamwambia. "Juzi ulikuwa unakwenda haraka zaidi. Saa imesema."

"Hiyo saa itakupikia," mke akajibu.

Nikamtupia jogoo mapajani. Akamgeuzageuza. "Huyu ana mishale?"

"Ana miguu. Lete saa."

"Kama ana miguu basi ataijua njia ya kurudi kwako." Lakini alimpa mke wake, jogoo akachinjwa, tukala pamoja kwenye mkeka uleule, na saa haikutoka mkononi mwake. Nilipoinuka akasema, "Mtani, imenizoea. Imeanza kusema Kinyamwezi."

Niliporudi Mikumi nilikaa siku chache tu. Taarifa zikaanza kunifikia, kwa sababu bodaboda wa Kilosa wanashinda kwangu wakijaza upepo. Mmoja aliniambia mzee wako anapima mahubiri kanisani. Mchungaji akizidisha, anakohoa. Mwingine akaniambia kamwona anapiga dawa ya viwavi kwenye mahindi, bomba mgongoni, dhahabu mkononi inadondosha dawa. Mwingine kamkuta mtoni ananawa, hakuvua. Mimi ile saa sikuwahi kuivaa hata kwenye manyunyu. Nilikuwa nafungua tairi la dereva, naliacha katikati naenda barabarani kutazama Kilosa kama vile inaonekana.

"Mzee, kaa," mke wangu alikuwa ananiambia. "Kiti hakijakukosea kitu."

"Nimekaa."

"Umekaa wapi? Chai umeifuata jikoni, ukaiacha jikoni."

Nikapeleka mbuzi. Hapo ndipo nilipojiharibia, maana mtani wangu si mjinga. Alimtazama mbuzi, akanitazama mimi, akawaita majirani.

"Njooni muone. Huyu kaja na kuku, leo kaja na mbuzi. Nikiwa na subira mpaka mavuno ataleta ng'ombe. Nyie mngekuwa mimi mngeirudisha?"

"Usirudishe," wakasema majirani. "Subiri ng'ombe."

Tukamla mbuzi. Nilikula nyama ya mbuzi wangu mwenyewe nikitazama kioo cha saa yangu kikiwa kimeingia mvuke kwa ndani.

Mpwa wangu, mtoto wa marehemu, ambaye ni mwalimu, alisema twende polisi. Nikamuuliza, tutaandikisha nini, kwamba tumetaniwa? Akasema basi mwambie thamani yake. Nilimtazama vizuri kuona kama anajua thamani. Hakujua, alikuwa anasema tu. Lakini neno lake lilinikaa. Nikimwambia mtani bei, Kilosa nzima itaijua kabla jua halijazama, na mzee mmoja ng'ambo ya mto, mlango wake wa mbao na komeo la msumari, atakuwa amevaa kitu ambacho watu wanaweza kumvunjia nyumba kwa ajili yake. Na yeye mwenyewe je? Ana wajukuu wanaofukuzwa shule kwa ada. Sonara hayuko mbali. Mtu ni mtu. Nisipomwambia, ataendelea kuinywesha dawa ya viwavi mpaka ife. Nilizunguka na mawazo hayo toka masika mpaka mahindi yakakomaa. Nilienda Kilosa na kurudi, kwenda na kurudi, mara nyingine nafika Zombo nageuza gari bila sababu.

Halafu ikaja picha.

Bwana shamba wa huko alipita kwa mtani wangu kukagua viwavi, akamwambia ashike hindi lililoliwa, akapiga picha, akaituma kwenye makundi ya wakulima. Picha ilikuwa ya hindi. Lakini hindi lilishikwa na mkono, na mkono ulikuwa na saa. Sijui ilipita simu ngapi. Asubuhi moja nafungua gereji, nafungua simu, naikuta kwenye kundi letu la saa. Mtu kaikuza, hindi limebaki ncha tu, saa imejaa kioo. Wanadhani imezuka ya pili kama yangu, wanaulizana, "Mkono huu ni wa wapi?" Na mmoja kajibu tangu jana yake jioni: "Nasikia Kilosa."

Wote walikuwa wanapiga kelele isipokuwa dalali mmoja, kijana, ambaye kila siku anatuma sauti tangu alfajiri. Yeye kimya. Mfanyabiashara akinyamaza, yuko barabarani.

Niliacha gereji wazi. Nikachukua pikapu. Mbele ya kijiji cha Ulaya ng'ombe wa Wamang'ati walikuwa wanavuka, na mchungaji wao hana haraka, anawahesabu kwa fimbo. Nilipiga honi mpaka akanijia dirishani akaniuliza kama nina mgonjwa. Nikamwambia ninaye. Akawasukuma.

Gari jeupe lilikuwa limeshasimama chini ya ukingo wa bati wa nyumba ya mtani wangu. Nikaegesha nyuma, nikaja kwa miguu kupitia upande wa jiko, nikasikia sauti kabla sijawaona. Mke wa mtani alikuwa anapukuchua mahindi. Dalali alikuwa amechuchumaa na kile kioo kidogo cha mafundi jichoni, ameshika mkono wa mtani kama muuguzi.

"Mzee wangu, ila majira yake yamepotea," dalali alisema. "Inasema saa tatu, na kwenye simu ni saa tisa hapa."

"Haijapotea. Sasa hivi ni saa tatu asubuhi. Simu yako ndiyo mgeni."

Dalali akacheka. "Sawa, mzee. Sasa sikia, mimi sipendi kuzungusha wazee. Hii saa ni nyumba."

"Nyumba ya nini?"

"Nyumba. Ya tofali, bati, vigae chini, na kiwanja chake. Hapa hapa Kilosa mjini. Leo."

Punje za mahindi zikaacha kudondoka kwenye ungo. Mtani wangu akautazama mkono wake, akauinua, akaugeuza.

"Mama," akamwambia mkewe, "mimi nimevaa nyumba nikapiga viwavi dawa?"

"Na ukaogea," mkewe akasema.

Wakacheka wote watatu. Kisha mtani akasema, bado anacheka, "Kijana wangu, umekuja mbali bure. Si yangu. Ni ya mtani wangu, yuko Mikumi, nilimvua msibani. Kitu cha utani hakiuzwi. Mtani wangu angekuwa anajua ni nyumba, si angekwishakufa kwa presha?"

Hapo nikatokea. Sijui kwa nini nilitokea wakati ule. Labda miguu.

Dalali akainuka haraka. "Shikamoo mzee." Alinijua kwa sauti zangu za kwenye kundi nilipoitikia, nilimwona akinijua. "Kumbe ni ya mzee wetu? Mzee, si ulituambia ile ya uso mweusi huitoi hata kwa gari?"

Mtani wangu hakucheka tena.

"Ulijua," akasema.

"Kitu changu nakijua."

"Ulijua, ukaniletea kuku."

"Si ndiyo desturi? Unataka nije na nini?"

"Desturi ndiyo. Nami nilikula." Alikuwa anasema polepole. "Lakini ungenivuta pembeni, siku ileile, kaburini. Ungeniambia, mtani, hiyo usichezee, hiyo ndiyo jasho langu. Ningeivua palepale, nikachukua kofia yako. Miezi yote hii unakuja, unakaa kwenye mkeka wangu, unakula, unaangalia mkono wangu. Nilidhani unaangalia mimi nimezeeka. Ulikuwa unaogopa nini?"

Nikamjibu kweli. Mimi si mtu wa kupaka mafuta maneno. "Mtu yeyote angeogopa. Una wajukuu. Kitu kama hicho kinabadilisha mtu."

Mke wake akashika ungo akaingia nao ndani, mahindi yakiwa bado nusu.

Mtani akafungua mkanda. Vidole vyake ni vinene, vya reli, ilimchukua muda. Akaifuta saa kwa shati lake, uso, mgongo, na vitufe kimoja kimoja. Akasimama. Yeye ndiye mkubwa, nimesema, amenizidi miaka mitatu minne. Akanipa kwa mikono miwili, magoti yameinama kidogo, kama mtoto anayemkabidhi mtu mzima kikombe.

"Shikamoo, mzee," akasema.

"Marahaba," nikasema.

Lilitoka lenyewe. Kama gereji, kama kutwa nzima ya madereva. Kama ningemtukana palepale, kama ningesema, "Mbeba mizigo, nani mzee wako," pengine tungecheka na yangekwisha. Lakini shikamoo ikishaitikiwa imekaa. Haiitwi ikarudi.

"Mama," akaita ndani, "leta viti, tuna wageni." Vikaletwa viti viwili, cha dalali na changu. Mkeka ukakunjwa. Akatuuliza tutakunywa soda gani. Akaniuliza nyumbani hawajambo, na biashara inaendeleaje, na mvua Mikumi zikoje. Nikajibu kila swali. Dalali akaanza, "Sasa wazee wangu, kwa kuwa mwenyewe yupo," nikamwambia arudi kwao. Soda sikuimaliza.

Mikumi mke wangu aliitazama mkononi mwangu. "Umeipata?"

"Nimeipata."

"Sasa unatafuta nini tena humo chumbani?"

Sikuwa natafuta kitu. Nilikuwa napita.

Saa niliipeleka kwa fundi, ikafunguliwa, ikakaushwa. Inatembea. Mshale wa kukimbia unakwama kidogo ukifika nusu, kisha unaendelea. Fundi alisema atabadilisha kipuri, nikamwambia aache.

Nilirudi Kilosa siku ya gulio nikamkuta anauza nyanya. Nikasimama mbele za watu nikapaza sauti. "Wewe Mnyamwezi, umebebeshwa nyanya za nani leo?" Wanawake wa nyanya wakageuka, wanatujua, wakajiweka sawa kusikia. Akafuta mikono kwenye suruali.

"Mzee, karibu," akasema. "Za Mikumi? Nikuwekee za kupeleka nyumbani?"

Akaniwekea. Tena nzuri, zisizogongwa, akakataa kupokea chochote. Nilizibeba mpaka kwenye gari kama kuli, na hakusema hata hilo.

Nilijaribu tena. Niliiba jembe lake uani, mchana, nikihakikisha mkewe ananiona. Nikalikalisha gereji wiki mbili nikimsubiri aje alifuate kwa matusi. Alinunua lingine. Nikalirudisha, akasema ahsante mzee, kumbe ulikuwa na uhitaji.

Mwezi wa nane akafa shemeji yangu, mume wa marehemu dada. Tukazika Kidete tena, mstari uleule. Mtani alikuja mapema. Alikuwa na shati safi, alitoa rambirambi yake kwa karani wa msiba, akakaa kwenye benchi la wazee. Mchungaji akamaliza. Vijana wakashika makoleo wakasimama, wanamtazama yeye. Hata mchungaji alimtazama. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu mwenye adabu. Wakasubiri, wakaona hakuna kitu, wakafukia. Palikuwa na kilio tu na udongo. Kaburi la mtu wetu lilifukiwa kimya kama la mpita njia. Shangazi mmoja aliuliza kwa sauti, "Kwani huyu hana watani?" Nilikuwa nimevaa saa, nikaificha ndani ya mkono wa shati.

Watu wananiambia nimwombe radhi. Ya nini? Saa ni yangu, niliitolea matairi, nilichekwa kwa ajili yake. Sikumdhulumu mtu, sikumwita mtu mwizi. Nilinyamaza juu ya mali yangu, na kila mwenye mali hunyamaza. Hilo nimelisema mbele yake na nitalisema tena. Ila kila Jumamosi naiwasha pikapu, mke wangu hata haulizi siku hizi, napita Ulaya, napita Zombo, nashuka Kilosa. Nafika kwake. Naletewa kiti. Namtukana babu yake, ananiuliza hali ya watoto. Nakaa kidogo, naondoka, na nikifika Mikumi naona kama kuna jambo nimelisahau kule.

Leo nina gereji ya matairi Mikumi, kando ya barabara kuu, na kompresa mbili. Nina gesti ya vyumba kumi na viwili, vyote vina feni. Nina nyumba ya Mikumi tunayokaa, na nyumba ya Kilosa ambayo haijapigwa plasta. Nina shamba Magole, nimepanda mahindi, na kipande Kidete. Nina pikapu moja nzima na lori moja bovu. Nina saa tisa za dhahabu, za zamani, zote zinatembea. Ng'ombe sina. Mbuzi ninao, sijui ni wangapi, wanazaa.